Tarakimu Nane Zinazokitambulisha Kifaa

Kompyuta inapowashwa, kabla skrini haijaonyesha chochote cha maana, sehemu moja ya mfumo endeshi huwa tayari imeanza kazi ya kuuliza. Sehemu hiyo ni kiini. Kiini husimama kati ya programu na maunzi: hugawa kumbukumbu, hupanga zamu za kichakataji, na ndicho pekee chenye ruhusa ya kuzungumza moja kwa moja na kadi ya mtandao, diski, kamera au kipaza sauti. Lakini hakiwezi kuzungumza na kifaa kisichokijua. Lazima kwanza kipate majibu ya maswali mawili: hapa pamechomekwa nini, na ni draiva gani, yaani programu ya kukiendesha, inayofahamu lugha yake? Jibu likikosekana, kifaa kizima kabisa hukaa bure kana kwamba kimeungua. Mwenye kompyuta hawezi kuitambua tofauti hiyo kwa macho, na mara nyingi huishia kununua kadi mpya ilhali ile ya zamani haina dosari yoyote.

Barabara kuu ya Thika, kutoka Ruiru kupitia Juja hadi Thika mjini, imepakana na vyuo ambamo somo hili linahusu kazi ya kila siku. Juja kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, JKUAT, kilichoanzishwa mwaka wa 1981 kwa ushirikiano wa Kenya na Japani na kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 1994. Thika kuna Chuo Kikuu cha Mount Kenya, na Ruiru kuna Zetech. JKUAT imewahi kuunganisha vipakatalishi vyenye jina la Taifa, na ikishirikiana na kampuni ya Positivo BGH ilihusika katika tabiti za wanafunzi wa shule za msingi chini ya mpango wa serikali wa masomo ya kidijitali. Anayeunganisha kompyuta huchagua vipande kutoka kwa watengenezaji tofauti, na kila kipande anachokiweka juu ya bodi kuu kitalazimika kujitambulisha mbele ya kiini siku ya kwanza mashine itakapowashwa.

Kiini kinachofaa zaidi kusomwa na anayetaka kuelewa mambo haya ni Linux. Kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991, alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, nacho ndicho kilicho chini ya Android, yaani ndani ya simu nyingi zinazotumika Kenya. Msimbo wake uko wazi. Mwanafunzi wa Juja anasoma mistari ileile anayoisoma mhandisi wa kampuni kubwa ya California, na zaidi ya nusu ya mistari hiyo ni draiva.

Vifaa vilivyo ndani ya kompyuta, kama kadi ya mtandao na ya picha, kwa kawaida huunganishwa kwa njia ya PCI, iliyobuniwa na Intel mapema katika miaka ya 1990. Kila kifaa cha PCI hubeba ukurasa mdogo wa maelezo yake mwenyewe, ambao katika utaratibu wa awali una baiti 256. Baiti mbili za kwanza ni namba ya mtengenezaji. Mbili zinazofuata ni namba ya kifaa. Namba hizi huandikwa kwa mfumo wa tarakimu kumi na sita, unaotumia 0 hadi 9 kisha herufi a hadi f, hivyo kila moja huchukua nafasi nne, na zote mbili nane. Intel ni 8086, kwa kumbukumbu ya kichakataji chake cha mwaka wa 1978. Realtek ni 10ec. Broadcom ni 14e4. Kiini huzipitia anwani zinazowezekana: njia zinaweza kufika 256, kila njia ina nafasi 32, na katika kila nafasi kifaa kimoja kinaweza kuwa na kazi hadi 8. Kila mahali husoma namba ya mtengenezaji. Kikipata ffff kinajua kwamba pale hapana kitu, na kinaendelea.

USB ina utaratibu wa namna nyingine kwa sababu vifaa vyake huja na kuondoka mashine ikiwa inafanya kazi. Kinapochomekwa, kifaa hujibu kwa anwani 0, anwani ya mgeni asiyepewa nafasi. Kiini hukisoma kidogo, hukipa anwani yake kati ya 1 na 127, kisha hukitaka maelezo kamili. Sehemu ya kwanza ya maelezo hayo ina baiti 18, na humo mna namba ya mtengenezaji, namba ya bidhaa, na aina ya kifaa. Aina hiyo, ambayo vifaa vingi huitaja katika maelezo yanayofuata, ina umuhimu mkubwa. Kibodi, kipanya na flashi vina kanuni za pamoja, kwa hiyo draiva moja inayojua aina ya kibodi huhudumia kibodi za watengenezaji wote bila kuijua namba ya hata mmoja wao. Ndiyo maana kibodi mpya iliyotoka dukani leo hufanya kazi katika kompyuta ya miaka kumi iliyopita. Matatizo huwapata vifaa vyenye tabia za pekee, na hapo ndipo tarakimu nane hazina mbadala.

Ndani ya msimbo, kila draiva ya namna hii hubeba jedwali la vifaa inavyovimudu. Safu moja ya jedwali haizidi mstari mmoja: namba ya mtengenezaji, namba ya kifaa, na pengine alama inayosema kifaa hicho kishughulikiwe kwa namna fulani. Chini ya jedwali huwekwa tamko liitwalo MODULE_DEVICE_TABLE. Msimbo unapojengwa, tamko hili hulitoa jedwali nje ya draiva na kulifanya sehemu ya faharasa iitwayo modules.alias. Kifaa kikichomekwa, kiini hutangaza namba zake, programu ya udev huzitafuta katika faharasa, na draiva inayolingana hupakiwa bila mtu kuandika amri. Kisha kiini huiita kazi ya draiva iitwayo probe, ambayo hukiangalia kifaa kwa karibu na kukikubali au kukikataa.

Tamko hilo likisahaulika, jambo la ajabu hutokea. Draiva ni sahihi, jedwali ni sahihi, na mwandishi aliyeijaribu kwa kuipakia kwa mkono huona kila kitu kiko sawa. Kwa mtumiaji wa kawaida kifaa hakiamki, kwa sababu faharasa haikijui. Historia ya Linux ina marekebisho mengi ambayo kazi yake yote ilikuwa kuongeza mstari huo mmoja uliosahaulika. Mhakiki mzuri, yaani anayeusoma msimbo wa wengine kabla haujakubaliwa, huutafuta kabla hajasoma kingine chochote.

Mfano ulio karibu zaidi na Wakenya ni modemu za intaneti. Baada ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka wa 2009, modemu ndogo za USB zikawa njia ya kawaida ya mwanafunzi kuingia mtandaoni, na nyingi zilitengenezwa na Huawei, ambayo namba yake ya USB ni 12d1. Modemu hizo zilibeba programu yao ya Windows ndani yao wenyewe. Zilipochomekwa zilijitambulisha kwanza kuwa diski ya CD, ili Windows ifungue programu hiyo na kuisakinisha. Kisha programu iliipelekea modemu amri maalumu, nayo ikajitoa na kurudi mara ya pili ikiwa modemu. Kwenye Linux hapakuwa na programu ya kutoa amri ile. Kiini kiliona CD, kikaamini kwamba ni CD, na kikaishia hapo. Mtu mwenye modemu nzima na bando lililolipiwa alibaki bila mtandao.

Suluhisho lilipitia hatua ambazo zinafundisha mengi kuhusu uhakiki. Mwanzoni amri ya kugeuza iliwekwa ndani ya kiini chenyewe, katika draiva ya vifaa vya kuhifadhi data. Modemu ya Huawei E220, yenye namba 12d1:1003, ilikuwa miongoni mwa zilizoshughulikiwa hivyo. Modemu mpya zikaendelea kutoka, kila moja na namba yake, na orodha ikawa ndefu. Hatimaye watunzaji wa kiini walikubaliana kwamba kazi ya kugeuza isiendelee kuongezwa ndani ya kiini, ibaki kwa programu ya nje iitwayo usb_modeswitch, iliyoandikwa na Josua Dietze. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Kosa ndani ya kiini linaweza kuisimamisha mashine nzima. Kosa katika programu ya nje huishia kwenye programu hiyo, na orodha yake husasishwa bila kungoja toleo jipya la kiini.

E220 ina fundisho jingine. Modemu nyingi zilibadilisha namba ya bidhaa baada ya kugeuzwa, hivyo namba ilitosha kueleza kama kifaa kiko katika hali ya CD au ya modemu. E220 ilibaki na namba ileile katika hali zote mbili. Msimbo uliotegemea namba peke yake usingeweza kujua iko hali gani. Ulihitaji kuangalia pia milango iliyotangazwa ndani ya kifaa. Kifaa kimoja cha USB kinaweza kuwa na milango kadhaa, na kila mlango huhudumiwa na draiva yake. Modemu iliyogeuzwa huwa na milango ya kupokea amri, inayoendeshwa na draiva iitwayo option. Huwa pia na mlango wa mtandao, ambao ni wa draiva nyingine. Mara nyingi kuna pia mlango wa kadi ya kumbukumbu. Option ikinyakua mlango wa mtandao, draiva halali haitaupata, na mtumiaji ataona modemu iliyotambuliwa kikamilifu lakini haina mtandao. Kwa sababu hii jedwali la option lina alama za kuhifadhi milango, zinazoiambia draiva ni namba ipi ya mlango isiguse.

Hapo mhakiki hupata swali lake kubwa kuhusu jedwali lolote: je, safu hii ni pana mno au ni finyu mno? Safu inayosema kila kifaa cha mtengenezaji fulani ni changu itavibeba hata visivyoihusu, pamoja na vitakavyobuniwa baada ya miaka mitano. Safu finyu kupita kiasi itaacha nje toleo dogo tofauti la kifaa kilekile. Hakuna kanuni moja inayomaliza mjadala huu. Anayependekeza safu mpya huombwa ushahidi: katika draiva za modemu hutakiwa kuambatisha maelezo ya milango yote kama yanavyotolewa na amri ya usb-devices, ili mhakiki ambaye hajawahi kukishika kifaa hicho aone mwenyewe mlango upi ni wa nini. Katika kiini, pendekezo la marekebisho huitwa kiraka, na kila kiraka hubeba jina la aliyekiandika chini ya tamko la Signed-off-by, la kuthibitisha kwamba ana haki ya kuutoa msimbo huo.

Swali la pili la mhakiki ni gumu zaidi: msimbo unakiamini kifaa kiasi gani? Maelezo yote yaliyotajwa hadi sasa hutoka kwa kifaa chenyewe. Kiini hakina shahidi mwingine. Kwa miaka mingi draiva ziliandikwa kwa dhana kwamba kifaa kinachojitaja kwa namba fulani kitakuwa na umbo linalojulikana, basi msimbo ulikwenda moja kwa moja kusoma njia ya kwanza ya data ya mlango wa kwanza. Kifaa kilichoharibika, au kilichotengenezwa makusudi, kinaweza kutaja namba ileile kisha kisitangaze njia yoyote. Draiva inaposoma mahali pasipokuwapo, kiini huanguka. Mwaka wa 2017 Andrey Konovalov, akitumia zana ya Google iitwayo syzkaller inayotunga vifaa bandia vyenye maelezo ya ovyoovyo, alifichua makosa mengi ya aina hii katika sehemu ya USB ya Linux. Tangu hapo mhakiki makini hapitishi probe isiyohesabu kwanza kilichotangazwa na kupima urefu wa kila maelezo kabla ya kuyatumia.

Kuna uongo ambao hata probe iliyoandikwa vizuri haiugundui. Mwaka wa 2014 watafiti wa Ujerumani wakiongozwa na Karsten Nohl walionyesha kwamba flashi inaweza kuandikwa upya ndani ijitambulishe kuwa kibodi, kisha iandike amri kana kwamba kuna mtu anabofya. Kiini kikiona aina ya kibodi hukipokea kifaa, maana ndivyo kanuni inavyosema. Linux ina njia ya kukataa vifaa vipya vya USB hadi mwenye mashine aviruhusu, na inafaa kutumika katika kompyuta za maabara na ofisi zinazochomekwa flashi za watu wengi. Flashi bandia nazo hutaja ukubwa zisiokuwa nao: ganda linasema GB 64, kifaa chenyewe kinakiambia kiini GB 64, na kumbukumbu ya ndani ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Njia ya kuijua ni kuijaza data na kuisoma tena, kazi inayofanywa na programu iitwayo f3.

Si vifaa vyote vinavyoweza kujitaja. Ndani ya simu na tabiti, na katika bodi ndogo zinazotumiwa na wanafunzi wa uhandisi, vipande vingi huunganishwa kwa nyaya zisizo na utaratibu wa kuuliza jina. Huko kiini husoma ramani iliyoandikwa na mtengenezaji wa bodi, inayoitwa devicetree, ambayo hutaja kila kipande, anwani yake, na neno la kukilinganisha na draiva. Ramani ikikosea, kiini kinakosea pamoja nayo, hivyo vipande vingi vimewekewa namba ndogo ya kuhakikishia. Vihisi viwili vya kampuni ya Bosch vinatosha kuwa mfano. BME280 hupima joto, kanieneo ya hewa na unyevu. BMP280 hupima joto na kanieneo tu. Kwa umbo vinafanana sana, na kile cha bei nafuu huuzwa mara nyingi kwa jina la mwenzake. Namba iliyo ndani huumaliza ubishi: BME280 hujibu 60 na BMP280 hujibu 58, kwa tarakimu za mfumo uleule wa kumi na sita. Katika eneo la kilimo kama la barabara ya Thika, lenye mashamba ya mananasi Thika na kituo cha utafiti wa kahawa Ruiru, mtu anayejenga kipimo cha unyevu cha kitalu cha miche anafaa kuisoma namba hiyo kabla ya kuunganisha kitu kingine.

Kuhusu namba hii ya kuhakikishia, msimamo wa wahakiki umebadilika kwa njia inayostahili kuelezwa. Draiva nyingi za vihisi zilikuwa zikikataa kabisa kuendelea zikikuta namba zisizoijua. Jonathan Cameron, mtunzaji wa sehemu ya vihisi katika Linux, amekuwa akiwataka waandishi watoe onyo tu na kuendelea. Sababu yake ni kwamba mtengenezaji anaweza kutoa kihisi kipya kinachofanya kazi sawasawa na cha zamani, kikiwa na namba mpya; ramani ya bodi itasema wazi kwamba kinalingana na cha zamani, na draiva inayokataa itamnyima mtu kifaa ambacho kingemfaa bila tatizo. Hoja hiyo ina uzito mkubwa katika nchi ambako kompyuta hutumika miaka mingi na kiini chake hakisasishwi mara kwa mara.

Kwa anayenunua kompyuta iliyokwisha kutumika, elimu hii hutumika papo hapo dukani. Linux ikiwashwa kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa, amri ya lspci -nnk huorodhesha kila kifaa cha ndani, namba zake nane, na draiva iliyokichukua. Kifaa kilichoorodheshwa bila draiva ni kizima kwa kiasi cha kuweza kujitaja. Kinachokosekana ni msimbo. Kifaa kisichoonekana kabisa huenda kimezimwa, kimelegea au kimekufa. Kwa vya USB hutumika lsusb. Namba huaminika kuliko jina la bidhaa, na adapta ya mtandao ya TP-Link TL-WN722N inaonyesha sababu: toleo la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros yenye draiva nzuri ndani ya Linux, na toleo la pili, kwa jina lilelile, likaja na chipu ya Realtek inayohitaji draiva nyingine kabisa. Aliyenunua kwa kufuata jina alipata kifaa tofauti.

Ikitokea kifaa kinafanana na vingine vinavyojulikana lakini namba yake haimo kwenye jedwali, dhana hiyo hujaribiwa bila kugusa msimbo. Draiva nyingi za PCI na USB zina faili liitwalo new_id. Ukiandika humo namba za kifaa, draiva huanza kukihesabu kuwa chake hadi mashine izimwe. Jaribio likifaulu, safu moja huongezwa kwenye jedwali, kwa mpangilio wa namba, na kiraka hutumwa kwa mtunzaji wa draiva pamoja na ushahidi. Viraka vya namba mpya hupewa nafasi ya pekee: kanuni za matoleo ya Linux yaliyokwisha kutulia, ambayo kwa kawaida hupokea marekebisho ya makosa tu, zinaviruhusu. Toleo kuu la kiini hutoka kila baada ya wiki 9 au 10, na safu iliyoandikwa Juja huingia humo kwa masharti yaleyale na safu iliyoandikwa kwingine kokote.